Somo: Kuchagua kadi ya kuongeza kwenye kompyuta ya zamani

Habari wadau. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua hapa Mwanza ni zilizotumika maofisini Ulaya: boksi dogo, imara, bei inavumilika. Mtu anafungulia steshenari, mwezi wa pili anataka kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye monita), na hapo ndipo hela inapopotea. Niliwahi kununua kadi nzuri kwa ajili ya Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, nikafika nayo Kirumba kwa mteja, nafungua boksi naona kadi imezidi kimo. Muuzaji akakataa kuipokea. Tangu siku hiyo naisoma mashine kwanza, kadi baadaye.

Hatua ya 1: sloti. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha boksi ili umeme tuli ukutoke, ndipo ufungue. Sloti ndefu yenye kilimi mwishoni ni PCI Express x16, ya kadi ya grafiki. Ile ya sentimita mbili na nusu ni x1, inatosha kadi ya USB 3.0 au ya mtandao. Ndefu ya kizamani, mara nyingi nyeupe, ni PCI ya kawaida. Iache, maana mwisho wake ni megabaiti 133 kwa sekunde, wakati x1 ya toleo la 2.0 inapitisha 500. Toleo lisikutishe: kadi ya PCI Express 3.0 inakubali sloti ya 2.0, ila itakwenda kwa kasi ya sloti.

Hatua ya 2: kimo. Pima kwa rula bati linaloziba nafasi ya kadi nyuma ya boksi. Likiwa sentimita 12 ni boksi kubwa. Likiwa 8, tafuta kadi iliyoandikwa Low Profile, yaani ya kimo kifupi, na hakikisha bati fupi limo ndani ya paketi.

Hatua ya 3: umeme. Hapa tusikimbilie. Sloti ya x16 inatoa wati 75, na baadhi ya maboksi madogo hutoa chini ya hapo. Kadi inayotaka zaidi huwa na tundu la pini 6 au 8. Pawa saplai ya ile 7010 ndogo ni wati 240 na haina waya huo. Kuna vigeuzi vya kuvuta umeme kwenye waya wa hadi diski. Mimi siviweki. Pawa saplai imeshapita miaka kumi, na umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo. Chukua kadi isiyo na tundu kabisa. Mfano ni kadi ya grafiki ya GT 1030, inakula wati 30. Ila zipo mbili zenye jina hilohilo: ya kumbukumbu aina ya GDDR5 na ya DDR4, na kumbukumbu ya kwanza ina kasi karibu mara tatu ya pili. Soma paketi kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: kufunga. Kadi iliyotumika, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha shule, pangusa chembe zote, kisha kandamiza mpaka kilimi kilie.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nahariri video za harusi. GT 1030 itaharakisha kutoa video?
Hapana kaka. Haina NVENC, sehemu inayosimba video. GTX 1050 Ti inayo, lakini inafika wati 75, kwa hiyo itafute ukiwa na boksi kubwa.

Kadi ya x1 naweza kuichomeka kwenye x16?
Ndiyo, inafanya kazi vizuri.

Nimeweka SSD ya NVMe (diski ya kasi inayotumia PCI Express) kwa kadi ya kugeuza. Windows inaiona, lakini kompyuta haiwaki kupitia hiyo.
Dada, BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiwasha kompyuta) nyingi za zamani hazijui kuanzia NVMe. Weka Windows kwenye SSD ya SATA, inayochomekwa kwa waya kama hadi diski, hiyo nyingine iwe ya mafaili.

Feni inazunguka, monita nyeusi.
Waya wa monita uko kwenye kadi, au bado uko kwenye bodi? Ukiwa kwenye kadi na bado giza, toa kadi, washa bila hiyo, sasisha BIOS, kisha irudishe.