Kurusha kishada ufukweni na kikundi, kati ya Paje na Jambiani

Kishada, au tiara kama wengine wanavyokiita, hakirushwi kwa mbio. Ukimwona mtu anatimua mchanga huku kishada kinagaragara nyuma yake, kuna kitu kimekosewa kabla hajaanza: hatamu (uzi mfupi wa mbele unaokishika kishada), mkia, au mahali alipochagua kusimama. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu sita hadi kumi na wawili kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwamba wa nje huvunja mawimbi na maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga. Vipimo vya kishada chenyewe vinafaa ufukwe wowote.

Hatua ya 1: Soma upepo na maji kwa pamoja

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza kushika mwezi wa Aprili au Mei na huwa thabiti Juni hadi Septemba. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma Desemba hadi Machi. Pepo zote mbili huingia pwani hii kutoka baharini kwa mshazari, na huo ndio upepo mnaoutaka: umepita juu ya maji matupu, haujakutana na mti wala ukuta, kwa hiyo unavuta sawasawa. Katikati, wakati wa tanga mbili, upepo hubadilika ovyo na mara nyingi mtaishia kukaa kivulini mkisubiri.

Alfajiri huvuma umande, yaani upepo wa kutoka nchi kavu. Msirushe kwa umande. Upepo huo umechanwachanwa na minazi kabla haujawafikia, na uzi ukikatika kishada kinaelekea baharini.

Kasi inayofaa ni kilomita 12 hadi 25 kwa saa. Hamna haja ya kipimo: makuti yakicheza mfululizo na bahari ikianza kutoa vichwa vyeupe vya povu hapa na pale, rusheni. Mchanga ukianza kutambaa na kuchoma vifundo vya miguu, teremsheni.

Sasa maji. Upepo ukitoka baharini, kishada kinaruka kuelekea minazi, na nyuma ya minazi kuna nyaya za umeme. Kwa hiyo kanuni ni moja: uzi uliotolewa usizidi umbali kutoka ulipo hadi mnazi wa kwanza upande kishada kinakoelekea, ukitoa mita 20. Maji yakijaa ufukwe unabaki mwembamba, huna pa kurushia. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapojaa na kupwa sana, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Ndiyo maana siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo ni tamu: maji hupwa saa saba mchana hivi, upepo umeshapata nguvu, na uwanja upo. Hakikisheni kwa jedwali la maji au kwa mvuvi yeyote wa hapo. Wiki ya maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, kupwa huangukia jioni, lakini maji hayaendi mbali, kwa hiyo punguzeni uzi.

Hatua ya 2: Fremu

Kwa kishada cha kwanza tengeneza umbo la almasi. Unahitaji:

- ufito wa mwanzi mkavu wa sm 80, upana mm 5 na unene mm 4 (uti)
- ufito wa sm 64, mwembamba kidogo kuliko uti (mabawa)
- karatasi mbili za kufungia zawadi, kila moja sm 50 kwa 70
- uzi wa nailoni wa kusukia nyavu, ule mwembamba, mita 70
- gundi nyeupe, au uji mzito wa unga wa ngano
- pete ndogo ya chuma, ya ukubwa wa kucha ya kidole kidogo
- vitambaa vyepesi vya mkia
- kopo tupu la maziwa ya unga

Chelewa za fagio zinafaa kwa kishada cha mtoto cha sm 40, si zaidi ya hapo. Zikibeba sm 80 zinajikunja na kishada kinapoteza umbo upepo unapokaza. Mwanzi mbichi pia usitumie. Utakauka usiku na kupinda upande autakao wenyewe.

Ufito wa mabawa ndio unaoamua kama kishada kitaruka wima au kitalalia upande. Weka alama katikati, sm 32, kisha uulaze juu ya ncha ya kisu. Upande unaoshuka ni mzito: ukwangue kwa kisu na msasa, kidogo kidogo, hadi ufito ukae sawa. Halafu shika ncha zote mbili na uukunje polepole kama upinde. Pande zote zipinde kwa kiasi kimoja. Upande unaokataa kupinda bado ni mnene, na fundo la mwanzi mara nyingi liko huko. Dakika kumi hapa zinakuokolea mchana mzima.

Kata mfereji wa mm 3 kwenye kila ncha. Laza mabawa juu ya uti, sm 20 kutoka juu, funga kwa uzi mizunguko sita kila upande wa msalaba na upake gundi. Kisha zungusha uzi kwenye mifereji minne ili upate mpaka wa almasi. Pima: kutoka ncha ya juu hadi ncha ya kila bawa iwe sm 38 hivi, na kutoka bawa hadi ncha ya chini sm 68. Kulia na kushoto zikitofautiana hata kwa nusu sentimita, sogeza kabla ya kubandika karatasi.

Hatua ya 3: Karatasi na upinde

Unganisha karatasi mbili ubavu kwa ubavu, zipandane sm 1.5. Laza fremu juu, kata ukiacha sm 2 pembeni, kunja juu ya uzi na ubandike. Karatasi iwe imenyooka bila kukazwa kama ngoma, kwa sababu gundi ikikauka inaivuta zaidi.

Zamani wengi walitumia mifuko ya plastiki, ile ya rambo. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo msiitafute. Mkitaka kishada kisichoogopa unyevu wa chumvi, fumueni nailoni ya mwavuli mkubwa uliovunjika, mshone vipande kwa cherehani. Ni kazi zaidi, lakini hudumu misimu. Karatasi huanza kulegea baada ya saa mbili tatu za hewa ya bahari.

Mwisho, funga uzi kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine upande wa nyuma, yaani upande wa fremu, na uukaze hadi mabawa yarudi nyuma na kuacha nafasi ya sm 6 kati ya uzi na uti. Upinde huu humwaga upepo sawa pande zote mbili. Mmarekani William Eddy aliutumia miaka ya 1890 kwenye vishada visivyohitaji mkia kabisa, ila kwa anayeanza ni bora kuweka upinde na mkia pia.

Hatua ya 4: Hatamu na mkia

Kata uzi wa sm 125. Funga ncha moja juu ya uti na nyingine chini, upande wa karatasi, ili baada ya mafundo ubaki na sm 110. Hakuna haja ya kutoboa karatasi.

Kunja tanzi la hatamu, lipitishe ndani ya pete, lirudishe kuizunguka pete yote, kisha kaza. Pete sasa inang'ang'ania ikivutwa, lakini ukilegeza tanzi unaweza kuisogeza. Iweke sm 38 kutoka ncha ya juu. Ukikilaza kishada, uso wa karatasi ukitazama juu, na kuinua pete hadi hatamu ikaze, pete iwe juu kidogo ya msalaba, upande wa ncha ya juu.

Pete hiyo ndiyo usukani. Ipandishe upepo ukiwa mkali, ishushe ukiwa dhaifu, sentimita moja kwa wakati. Anayeisogeza sm 5 kwa mkupuo hatajua kilichosaidia wala kilichoharibu.

Mkia uwe mita 4.5: vipande vya kitambaa vya upana wa sm 2.5 vilivyoungwa, au uzi wenye vifundo vya kitambaa kila sm 25. Kinachotuliza kishada ni upepo kukamata mkia, wala si uzito, kwa hiyo kufunga jiwe au kifuniko cha chupa hakusaidii kitu.

Uzi mkuu, unaofungwa kwenye pete, ni mita 60 juu ya kopo, unaohimili kilo 10. Kishada hiki hakivuti hata kilo mbili kwenye upepo tuliosema. Mshipi wa kuvulia epukeni: unakata vidole na hauonekani na mpita njia. Waya na utepe wa kaseti ni marufuku kabisa kwenye kikundi, na uzi uliopakwa vigae vya chupa pia. Uzi wa nailoni nao ukilowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo kishada kikinasa kwenye nyaya, kiacheni hapo hapo.

Hatua ya 5: Kupanga kikundi

Mwambieni sheha, kiongozi wa eneo hilo, kabla ya siku ya kwanza. Kisha angalieni nani mwingine anatumia pwani. Maji yakipwa, akina mama wa mwani wako kwenye vigingi vyao, na kamba zao zimetandazwa sentimita chache juu ya mchanga. Msikanyage hapo wala msiangushe kishada hapo. Paje kuna pia wanaoteleza majini kwa vishada vikubwa vya kuvuta. Uzi wao unavuta mtu mzima, kwa hiyo wapeni nafasi yao ya kupandia na mhamie kusini, kuelekea Jambiani.

Warushaji wasimame kwenye mstari mmoja unaokatiza upepo, mita 10 kati ya mtu na mtu, na wote watoe uzi wa urefu mmoja. Mmoja asirushe kabisa: kazi yake ni kutazama maji na watoto. Pwani hii maji yakijaa hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, na mliosimama kwenye fungu kavu mnaweza kugeuka mkakuta maji ya kiuno.

Hatua ya 6: Kurusha

1. Mrushaji asimame upepo ukimpiga mgongoni.
2. Msaidizi achukue kishada, atembee mita 25 kuelekea upepo unakokwenda, akishike wima kwa mabawa, uso wa karatasi ukimtazama mrushaji, mkia umelazwa mchangani nyuma yake bila kujisokota.
3. Mrushaji akaze uzi, aseme "Acha!" Msaidizi aachie tu, asirushe juu.
4. Mrushaji avute mkono mmoja mmoja, mara nne tano. Kishada kikipanda na kuvuta, toa uzi mita tatu, simamisha, kiache kipande, toa tena.

Kosa la karibu kila anayeanza: kishada kikipiga mbizi, anavuta kwa hofu. Kuvuta kunakiongezea kasi ya kwenda chini. Nyoosha mikono mbele na ulegeze. Kitatulia na kugeuza pua juu, ndipo uvute.

Kinapogoma

- *Kinapepesuka chini, hakipandi, na kinavuta sana:* pete iko chini mno. Ipandishe sm 1.
- *Kinapanda hadi utosini, kinalegea na kuporomoka:* pete iko juu mno. Ishushe.
- *Kinaviringika upande huu na huu:* ongeza mkia mita moja.
- *Kinalalia upande uleule kila mara:* mabawa hayako sawa. Ufukweni, funga kishungi cha uzi kwenye ncha ya bawa la upande wa pili. Nyumbani, rekebisha ufito.
- *Uzi unakatika kwenye pete:* fundo moja la kawaida hudhoofisha nailoni. Tumia fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8.

Nyuzi mbili zikisokotana, msivutane: nailoni ikisuguana na nailoni huyeyuka na kukatika mara moja. Warushaji wawili watembee hadi wakutane bega kwa bega, na msokoto utateremka wenyewe hadi mikononi.

Hatua ya 7: Kuteremsha

Usikunje uzi kwenye kopo huku kishada kikivuta. Unajibana na kulibonyeza kopo. Mmoja ashike kopo, mwingine avae glavu au afunge kitambaa kiganjani, aweke mkono juu ya uzi na atembee kuelekea kishada akiushindilia chini. Kikifika mkononi, uzi wote umelala mchangani, umelegea, tayari kukunjwa. Kabla ya kuondoka pulizieni hatamu na pete maji baridi, yasiyo na chumvi, na mwokote kila kipande cha uzi, hata cha kiganja, kwa sababu ndege wa pwani hunasa miguu humo.