Mteja yuko kizuizini: msaidizi wa kisheria anaanzia wapi kwenye kesi ya uhamiaji Marekani

Nchini Marekani, mtu aliyekamatwa na maofisa wa uhamiaji ana haki ya kuwa na wakili, ila serikali haimlipii. Aliye nje anaweza kuhangaika mtaani akaulizia. Aliye ndani ana simu ya ukutani, inayorekodiwa, na foleni ya wenzake nyuma yake. Hapo ndipo mashirika ya msaada wa kisheria yanapotuhitaji sisi wasaidizi. Wakili wa shirika ana mafaili mengi kuliko saa za siku, na sehemu kubwa ya kila faili ni kutafuta, kuuliza, kuandika, kupanga na kufuatilia.

Naandika kwa anayeanza, hasa wewe unayejua Kiswahili, maana ukishaajiriwa utaletewa kila Mkongomani, Mrundi, Mkenya na Mtanzania anayeingia ofisini. Sitagawa nafasi sawa kwa kila hatua. Nitakaa zaidi kwenye dhamana na kwenye tamko la mteja, yaani maelezo yake ya maandishi kuhusu yaliyompata, kwa sababu kesi nyingi huyumbia hapo: mtu yuleyule, karatasi mbili, maelezo mawili.

Kabla ya kuanza: jua mpaka wako

Msaidizi anaeleza utaratibu, anakusanya ushahidi, anaandika rasimu chini ya wakili. Hamwambii mteja "omba hifadhi" au "kubali kuondoka kwa hiari yako". Huo ni ushauri wa kisheria, na kuutoa bila kibali ni kosa. Katika jamii zetu yeyote anayejaza fomu anaitwa wakili, kwa hiyo sahihisha jambo hilo kwenye simu ya kwanza, hata kama heshima hiyo ni tamu. Ukitaka kwenda mbele zaidi, njia ipo: Wizara ya Sheria huidhinisha wawakilishi wasio mawakili kupitia mashirika yasiyo ya faida yaliyotambuliwa. Mwenye idhini ya sehemu anawakilisha watu mbele ya Idara ya Usalama wa Ndani tu. Mwenye idhini kamili anasimama pia mbele ya jaji wa uhamiaji na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji.

Hatua ya 1: Mtafute, leo hii

Ndugu wanapopiga simu, kitu cha kwanza kuomba ni Namba A, ile yenye tarakimu 9 inayoanza na herufi A kwenye karatasi zote za uhamiaji. Ikiwa na tarakimu 8, ongeza sifuri mbele. Ukiwa nayo pamoja na nchi aliyozaliwa, unaingia kwenye mtambo wa ICE, idara inayokamata na kuzuilia wahamiaji, wa kutafuta waliozuiliwa mtandaoni. Bila Namba A utalazimika kutumia jina, na jina lazima liandikwe kama walivyoliandika wao. Hapa watu wetu hupotea. Mtu ana majina matatu, ofisa kachukua la baba akaliweka mwanzo, au kaandika "Jumma" badala ya Juma. Jaribu kila mpangilio. Jaribu pia nchi ya pili: aliyezaliwa kambini Nyarugusu huenda ameandikwa Tanzania ingawa ni Mkongomani. Walio chini ya miaka 18 hawaonekani humo kabisa.

Kisha angalia kesi yenyewe kwenye mtandao wa mahakama za uhamiaji, au piga 1-800-898-7180 uingize Namba A. Utajua kama ana jaji, tarehe ya kikao, na kama kuna amri ya zamani ya kumwondoa nchini. Mteja mwenyewe anaweza asijue kwamba amri hiyo ipo.

Kwa nini haraka? Kwa sababu wanahamishwa. Leo yuko karibu na familia, kesho kutwa yuko kituo cha Stewart, huko Lumpkin, Georgia, zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka Atlanta, au Jena, Louisiana. Wakili akitaka kuiomba mahakama ya shirikisho ichunguze uhalali wa kuzuiliwa kwake, ombi la habeas corpus kwa kawaida hupelekwa kwenye wilaya alipo mteja siku linapowasilishwa. Ukichelewa kumpata, unaweza kuwa umechelewa na mahakama.

Hatua ya 2: Saini na mlango wa kuingilia

Bila fomu G-28, inayoonyesha kwamba wakili anamwakilisha mteja, yenye saini ya mteja huyo, ofisa wa ICE hana sababu ya kuzungumza na ofisi yenu. Mahakamani hutumika EOIR-28. Wakili akisaidia kuandaa hati moja tu bila kuchukua uwakilishi, ipo EOIR-61. Uliza kituo kinapokeaje saini: faksi, posta, au hadi mtu aende. Kila kituo kina mazoea yake, na karani anayejua mazoea hayo ni wa thamani kuliko tovuti. Mwandike jina kwenye faili.

Barua za kwenda ndani ziandikwe wazi juu ya bahasha kwamba ni za kisheria. Kwa kanuni za ICE, barua kama hiyo inafunguliwa mbele ya mteja kukaguliwa, bila kusomwa. Na usichukue maelezo ya kesi kwenye simu ya kawaida. Omba simu ya kisheria isiyorekodiwa. Mteja akianza kumwaga yote kwenye laini ya kawaida, mkatize kwa upole: "Mzee, hayo tuyaweke, tutayaongea kesho kwenye simu ya wakili."

Hatua ya 3: Soma karatasi zake

Mwombe akusomee kila karatasi aliyopewa, herufi kwa herufi ikibidi. Unatafuta I-862, hati ya kumwita mbele ya jaji, na ndani yake uangalie madai yenye namba: amedaiwa kuingia lini, wapi, kwa namna gani. Weka alama kwenye kila kisicho sahihi, ila usimshauri akanushe au akubali. Hilo ni la wakili.

Kama hana I-862, huenda yuko kwenye utaratibu wa kuondolewa nchini kwa haraka, bila kesi mbele ya jaji, na mahojiano ya hofu ya kurudi kwao yanaweza kufanyika wakati wowote. Akishindwa hapo, anaweza kuomba jaji apitie uamuzi, na mapitio hayo yanatakiwa kumalizika ndani ya siku 7. Faili la namna hiyo usiliache mezani hadi Jumatatu.

Jambo jingine la kusikiliza wakati anasoma: je, anafuata mazungumzo? Anajua yuko wapi, na kwa nini? Ukihisi akili yake haiko sawa, mwambie wakili siku hiyohiyo, kwa maandishi. Kwenye shauri la Franco-Gonzalez, mwaka 2013, mahakama ya shirikisho iliamuru waliozuiliwa katika majimbo ya California, Arizona na Washington wenye matatizo makubwa ya akili wasioweza kujitetea wapatiwe mwakilishi. Kwingine pia jaji ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu wa aina hiyo, lakini hawezi kuchukua hatua juu ya asichoambiwa.

Hatua ya 4: Dhamana

Kwanza wakili aamue kama mteja anaweza kuiomba. Wenye hukumu za makosa fulani wanazuiliwa kwa lazima. Na Septemba 2025 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, kwenye shauri la Yajure Hurtado, ilisema walioingia nchini bila kukaguliwa hawawezi kupewa dhamana na jaji wa uhamiaji. Majaji wa shirikisho wamegawanyika vibaya juu ya hilo, kwa hiyo jibu linategemea mteja anazuiliwa wapi. Kazi yako ni kumpa wakili ukweli mmoja bila makosa: aliingiaje, na ushahidi wake uko wapi.

Ikiwa njia ipo, andaa bahasha ya ushahidi. Jaji anapima mambo mawili: je, mtu huyu ni hatari, na je, atarudi mahakamani. Shauri la Guerra la mwaka 2006 linaorodhesha anavyoangalia: anwani ya kudumu, muda aliokaa nchini, familia, kazi, rekodi ya kuhudhuria mahakamani, makosa ya jinai, namna alivyoingia.

Kipande muhimu kuliko vyote ni barua ya mwenyeji, yule atakayeishi naye. Nyingi zinazoletwa na ndugu hazisaidii: "Namfahamu, ni mtu mzuri, mcha Mungu, tunaomba mumwachie." Jaji kazisoma mia. Mkalishe ndugu chini umwulize maswali. Nyumba ni yako au ya kupanga? Vyumba vingapi, atalala kipi? Mahakama iko umbali gani, nani atampeleka, kwa gari la nani? Ulimjua lini, wapi? Unajua alikamatwa kwa kosa gani? Hilo la mwisho linawatia watu aibu, lakini barua ya mtu anayelijua kosa na bado yuko tayari kumpokea ina uzito kuliko ya asiyejua. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chake, ushahidi wa hadhi yake ya uhamiaji, mkataba wa nyumba au bili ya umeme, na hati za mshahara. Asiye na hadhi halali asiandike barua kabla ya kuongea na wakili. Usimweke mtu mwingine hatarini ili kumtoa wa kwanza.

Kwenye jinai, leta rekodi ya mahakama iliyothibitishwa, hata kama ni mbaya. Wakili wa serikali anayo tayari.

Dhamana ya jaji haishuki chini ya dola 1,500, mara nyingi ni zaidi sana, na ICE inataka yote kwa mkupuo. Familia zilizozoea dhamana za jinai, ambako wakala huchukua asilimia tu, hushtuka. Waambie mapema waanze kuchanga. Kumbuka pia kwamba kesi ya dhamana na kesi ya kuondolewa nchini ni mashauri mawili yenye kumbukumbu mbili. Barua nzuri uliyoweka kwenye dhamana haihami yenyewe kwenda kwenye hifadhi. Iwasilishe tena.

Hatua ya 5: Tamko na fomu I-589

Ombi la hifadhi, yaani fomu I-589, linatakiwa ndani ya mwaka 1 tangu kuingia, isipokuwa kwa sababu zinazokubalika kisheria. Tangu Julai 2025 lina ada ya dola 100 isiyosamehewa. Kwa aliye kizuizini, siku ya mwisho ya kuwasilisha hati huwekwa na jaji, na ni fupi.

Fomu inauliza orodha: makazi, shule, kazi, ndugu. Tamko linasimulia. Anza na tamko. Mwache aongee mara ya kwanza bila kumkatiza, hata kama anaruka kutoka Uvira, Kongo, hadi kambi ya Nakivale, Uganda, na kurudi. Mara ya pili ndipo upange. Asiyejua tarehe usimlazimishe, na usimtafutie wewe. Mwulize kwa vitu vyake: mvua zilikuwa zimeanza? Mahindi yalikuwa shambani? Mtoto wa pili alikuwa anatembea? Kisha andika kile anachojua: "karibu na mavuno, mwaka 2017". Tarehe kamili ya kubuni ikigongana na mahojiano ya mpakani, jaji hatasema alisahau, atasema anadanganya.

Mambo yanayopishana kila mara nayajua kwa kichwa sasa. Tarehe ya kuzaliwa: wengi waliosajiliwa kambini waliandikwa 1 Januari, huku cheti cha ubatizo kikisema Agosti. Eleza tofauti hiyo ndani ya tamko kabla hujaulizwa. Saa: aliyesema walivamiwa saa tatu usiku, hakikisha imeandikwa "9 p.m." kwa saa za Marekani. Na ndugu:

"Mama, huyo kaka yako aliyeuawa, mlichangia baba na mama?"

"Hapana. Ni mtoto wa baba mkubwa. Lakini tumekua nyumba moja."

Basi kwenye fomu hakai safu ya kaka. Kwenye tamko anaelezwa hivyohivyo, na kwamba walilelewa pamoja. Ukiacha bila maelezo, wakili wa serikali atauliza kwa nini fomu haina kaka aliyekufa.

Ukimaliza, msomee lote kwa lugha anayoiota usiku. Kama ni Kibembe au Kinyamulenge, usikubali "Kiswahili anasikia". Tafuta mkalimani, na uweke kwenye faili, kwa wino mwekundu, lugha ya kuombwa mahakamani. Kila hati isiyo ya Kiingereza inahitaji tafsiri na cheti cha mfasiri kinachosema anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi.

Hatua ya 6: Baada ya uamuzi

Akishindwa, siku ya mwisho ya rufaa isome kwenye amri ya jaji, si kwenye kumbukumbu ya kesi iliyopita, na ujue inahesabiwa siku hati inapoifikia Bodi, si siku ulipoiposti.

Akitoka kwa dhamana, kazi haijaisha. Ana siku 5 za kuijulisha mahakama anwani mpya kwa fomu EOIR-33. ICE nayo ijulishwe kivyake, kwani ofisi hizo mbili hazipeani habari. Wakili ataomba kesi ihamishiwe mahakama ya karibu, lakini mpaka jaji akubali, kikao kiko palepale. Ulizia pasipoti na vitambulisho vyake kabla hajatoka getini. Baadaye ni barua juu ya barua. Na yule aliyelipa dhamana atunze risiti na mkataba, maana kesi ikiisha na mteja akiwa ametimiza masharti, fedha zinarudi kwake yeye, kwa anwani aliyoandika siku ile. Akihama, ajaze I-333.