Hesabu kwa kidevu, si kwa herufi

Neno la Kiingereza lililowahi kunitoa jasho ni clothes. Nilisimama nikasoma "klo-dhe-si", silabi tatu nilizozihesabu kabisa kwa vidole, darasa zima likaangua kicheko. Kumbe neno lile lina silabi moja: klouz, basi. Nilichokosea ni kulisoma kama neno la Kiswahili.

Sisi tumezoea raha. Hesabu irabu, umepata silabi: ka-la-mu, tatu. Zilizobaki ni m ya m-tu na n ya n-chi, zinazojisimamia bila irabu. Tena neno la kigeni likitujia na konsonanti mwishoni tunalibandika irabu: film ikawa filamu, school ikawa skuli. Kwa Kiswahili ni sawa kabisa. Balaa ni pale irabu ile ya kubandika unaporudi nayo kwenye Kiingereza.

Fanya hivi. Weka kiganja chini ya kidevu, tamka neno polepole, na kila kidevu kinaposhuka hesabu moja. Cat, moja. Window, mbili. Banana, tatu. Strengths ina herufi tisa, lakini kidevu kinashuka mara moja tu. Ila kidevu huhesabu unachokisema wewe. Ukisema "filamu" kitakupa tatu. Kwa hiyo lisikilize neno kwanza kwenye kamusi yenye sauti, ndipo uhesabu. Na bottle itakuchanganya, kwa sababu silabi yake ya pili haishushi kidevu sawasawa. Ile l ya mwisho ni ndugu wa m ya mtu: haina irabu, lakini ni silabi.

Kuacha irabu ya kubandika kulinichukua muda kuliko yote. Kilichonisaidia ni kulitamka neno likifuatwa na lingine linaloanza kwa irabu. Sema book is: k inaegemea i ya mbele yake, na ile u ya "buku" haina pa kukaa. Rudia mara kadhaa, kisha ondoa is.

Vitenzi vya -ed havina shida ukishajua siri yake. Huongeza silabi baada ya t au d tu: wanted mbili, needed mbili, lakini walked ni moja, unasikia "wokt". (Vivumishi kama naked na wicked ni vikaidi, vina mbili.) Yapo pia maneno yanayomeza silabi mchana kweupe. Wednesday na business ni mbili, chocolate kwa kawaida mbili, vegetable tatu. Haya nayakariri tu.

Hesabu ikishakaa sawa, tafuta mkazo. Wa kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kiingereza hutangatanga. Photograph hukazwa mwanzoni, photography silabi ya pili, photographic ya tatu. Silabi zisizokazwa hufifia, ndiyo maana a tatu za banana hazilingani: ya katikati ndiyo inayosikika wazi. Maneno ya -tion yana huruma, mkazo huja silabi moja kabla yake, kama education. Kwenye kamusi nyingi, kialama cha mkazo hutangulia silabi inayokazwa. Mimi kwa muda mrefu nilidhani kinaifuata.

Kuhusu fire na hour, wenye lugha wenyewe wanabishana kama ni moja au mbili. Mimi nahesabu moja, naendelea na neno linalofuata.