Kunanuka mzoga? Huenda si panya, ni uyoga

Haya sikizeni, masika yakishika huku kwetu upande wa Gede, pwani ya Kenya, lazima kuna mtu atalaumiwa kwa uvundo usio wake. Mwaka ule zamu ilikuwa yangu, nimeamka alfajiri kuswali naskia nyuma ya jiko kunanuka fee, mama akasema panya amefia kwenye makuti, mimi nikasema la, hilo ni shimo la choo la jirani, tukashusha rundo zima la makuti na panya hatukumuona. Kulipokucha ndio naona nzi wamejazana chini ya mwembe, pale tulipomwaga maranda ya seremala, na katikati yao kumesimama kitu cheupe kirefu kama mpini wa mwiko, juu kina kofia ya kahawia inayong'aa kama imepakwa mafuta. Uyoga! Na jirani nishamsema vibaya.

Sasa ukikutana nao, shambani ama ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, utaujua hivi.

Anza na pua. Harufu yake si ile ya ukungu wala ya udongo uliolowa, ni ya mzoga wa siku mbili umechanganyika na kinyesi, na unaiskia mbali kabla hujaona chochote. Ukishakaribia waachie nzi wakuonyeshe. Nzi wa uyoga huu hawaruki ovyo, wameganda kwenye kofia wanalamba ule ute wa kijani cha kahawia hata ukiwasogelea na simu kupiga picha. Ndani ya ute ndio kuna mbegu zake, uyoga mwingi mbegu zake hupeperushwa na upepo lakini huu unabebwa na nzi, tumboni na miguuni, kwa hivo ule uvundo ni tangazo la biashara tu.

Halafu chukua kijiti ufute ute kidogo. Chini yake kofia ina vishimo vishimo kama sega la nyuki, na aghlabu kwenye ncha kuna kitundu. Ukiinama uchungulie chini ya kofia hukuti zile kurasa kurasa za uyoga wa kawaida. Shina ni tupu ndani na ukilibonyeza linabonyea, lina matundu kama kitumbua ukikikata katikati. Kwenye shina chini kuna mfuko laini kama ganda la yai lililopasuka, na chini ya mfuko nyuzi nyeupe zimeingia ardhini ama kwenye mti uliooza.

Upo wenye kimia, na huo wallahi ni mzuri. Chini ya kofia inateremka sketi ya nyavu nyeupe mpaka karibu na ardhi, wataalamu wanauita Phallus indusiatus na unapatikana nchi nyingi za joto, Afrika ikiwemo. Mwingine hauna sketi, na ndugu zake wengine hutoka na umbo la tundu jekundu ama vidole vyekundu, lakini ukoo ni mmoja na uvundo ni mmoja.

Wahi asubuhi. Unachomoza ndani ya masaa machache, jioni mara nyingi ushalala chini. Na mvua ikiuosha ute wote ama nzi wakiumaliza, kofia inabaki nyeupe na harufu inapungua sana, sasa yule aliyeambiwa "utaujua kwa harufu" hapo anapotea. Ndio maana nasema tazameni vishimo, shina na mfuko pia.

Tatizo lenyewe hasa ni yai. Kabla haujachomoza unakaa nusu ardhini nusu nje kama yai la kuku, mweupe ama wa zambarau kidogo, na wakati huo haunuki kitu. Hapa ndio watu wanachanganya. Chukua kisu ulikate kwa urefu, kutoka juu mpaka chini, si kwa upana. Ukiona ute mzito kama jeli pembeni, kisha tabaka la kijani kilichofifia, na katikati kishina cheupe kimejikunja, basi ndio wenyewe huo. Ukiona nyama nyeupe tupu kama jibini bila mchoro wowote, hiyo ni jamii nyingine, ile ya uyoga wa mviringo kama mpira. Na ukiona umbo la uyoga mdogo mzima, kofia yake na kurasa zake, weka chini hapo hapo ukanawe mikono, huenda ni Amanita, jamii ambayo ndani yake kuna wauaji, na jamii hiyo hupenda kuishi na mizizi ya miti ya ukoo wa mrihi, na mrihi pale msituni ni mwingi.

Yaani unaonuka unakufukuza wenyewe, sio wa kuogopwa sana. Wa kuogopwa ni ule usionuka. Sumu ya Amanita wauaji haitoki kwa kupikwa wala kukaushwa, na kutapika huanza baada ya masaa 6 mpaka 24, mtu akapata nafuu akadhani kapona kumbe ini linaharibika. Ati umuangalie konokono kama amekula, ati uchemshe na kitunguu ukiona hakigeuki rangi ule, hizo zote ni porojo. Aliyekula na anatapika apelekwe hospitali na mabaki ya uyoga yaende naye.

Kuna mtu aliniambia mbona Wachina wanaula ule wa kimia. Kweli wanaula, lakini wanaupanda wenyewe, wanatoa kofia na ute, wanakausha shina na kimia. Wewe umeuokota kwenye maranda, wacha.

Msituni piga picha tu, juu, chini ya kofia na kwenye mfuko, usichimbue. Kwako nyumbani fukia na mchanga. Na ukiokota yai usiliache ndani: mimi moja nililiweka kwenye bakuli na kitambaa kibichi niwaonyeshe watoto, nikasahau, alfajiri lishapasuka juu ya meza ya jikoni, na mara hii mama hakumtafuta panya, alinitafuta mimi.