Somo: Kubadili HP kuwa kilowati kabla hujanunua mota ya mashine ya kusaga

Wakuu, wengi huku Mbeya mnataka kuachana na dizeli muingie kwenye umeme wa fezi tatu. Pigeni hesabu hii kabla ya kutoa hela.

1. Soma kibati cha mota. HP 1 ni wati 746, kwa hiyo zidisha HP kwa 0.746 upate kilowati. HP 20 × 0.746 = kW 14.92, dukani utaikuta imeandikwa kW 15. Ukitaka HP kutoka kilowati, gawa kwa 0.746.

2. Hapa ndipo watu wanapopata hasara. Hizo kW 15 ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Inayoingia kutoka kwenye nyaya ni kubwa zaidi, maana sehemu inapotea kwa joto. Ufanisi ukiwa asilimia 90: 15 ÷ 0.9 = kW 16.7. Mota ikibeba mzigo kamili saa nzima, Luku inakatwa yuniti 16.7. Bei ya kusaga debe ipangwe kwa namba hii. Ukiipanga kwa 15 unawasagia watu kwa hasara yako.

3. Ampia: 16,700 ÷ (1.732 × 400 × 0.85) = 28 hivi. Hapo 1.732 ni ya fezi tatu, 400 ni volti, na 0.85 ni cos φ (pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli), nayo iko kwenye kibati. Ukiiwasha moja kwa moja huvuta hata mara sita ya hapo, ndiyo maana nasisitiza stata ya sta-delta, inayoanza kuiwasha mota kwa umeme mdogo kwanza.

MASWALI

Uyole: Shikamoo fundi. Injini yangu ya dizeli ni HP 20. Nichukue mota ya HP 20?

Marahaba. Pengine ndogo inatosha. Mbeya tuko karibu meta 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupungua takriban asilimia 1 kwa kila meta 100. Yako inatoa kama HP 17 tu. Kama kinu kilikuwa kinasaga vizuri, kinahitaji kama kW 13 tu (17 × 0.746). Ila mota nyingi zimepimwa kwa mwinuko usiozidi meta 1,000. Juu ya hapo hupoa kwa shida, kwa hiyo usiichague ya kubana sana. Mimi ningechukua ya 15.

Mafinga: Jenereta ya kVA 20 itaiwasha hiyo mota ya kW 15?

Hapana, dada. kVA ni umeme wote unaovutwa, yaani kW ukigawa kwa cos φ: 16.7 ÷ 0.85 ni kVA 19.6, na hapo mota imeshachanganya. Kwa kuwashia, hata na sta-delta, tafuta kVA 40.

Makambako: Yangu imeandikwa PS, siyo HP.

PS ni HP ya kipimo cha meta, ndogo kidogo: PS 1 ni wati 735.5. Zidisha kwa 0.7355.