Kuchagua Tairi za Matope Zinazodumu kwa Gari la 4x4
Anayeendesha Land Cruiser kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika hunata na kujaza tairi hadi ionekane kipara, aanze kwa kutazama nafasi zilizo kati ya meno: ziwe pana, na chini yake kuwe na vinundu vya kusukuma mawe nje. Kisha akague ubavu, kwa kuwa ndiko visiki huchana. Alama ya 10PR (PR ni kifupi cha Kiingereza cha "ply rating", kiwango cha tabaka) huonyesha uwezo wa kubeba mzigo, wala si idadi halisi ya tabaka za nyuzi zilizomo ndani ya tairi. Tarakimu 4 za mwisho katika msimbo wa DOT, yaani alama ya utambulisho iliyochapwa ubavuni, huonyesha tairi ilitengenezwa lini: mathalani 1423 humaanisha wiki ya 14 ya mwaka 2023; tairi iliyozeekea dukani iachwe, hata ikipunguzwa bei. Kwenye lami tairi za matope hunguruma na kuisha haraka, hivyo asiyetoka mjini hazimfai.