Kufundisha timu inayokutana na klabu iliyokulea

Mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako klabu za soka za TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, zote zilizoanzishwa mwaka 1939, hugawa hata ndugu wa nyumba moja, ukikabidhiwa timu itakayocheza na klabu iliyokulea, waeleze viongozi na wachezaji wako ukweli huo mapema, kabla hawajausikia mtaani. Wiki ya mechi usipokee simu za watu wa klabu ya zamani, na hili naliona ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu baada ya salamu hufuata swali dogo kuhusu goti la mshambuliaji, na jibu lake ni siri ya timu. Kikosi kipange pamoja na msaidizi wako, ukimweleza sababu ya kila jina. Wazee waliokulea wasalimie hadharani, baada ya filimbi ya mwisho.